Goti la Thani na Akaba ya Riyam

Maskat, Oman
14 Oktoba 1970

Mpendwa dada yangu Muhsina,

Salaam nyingi zikufikie huko Mombasa, na zikukute umekaa kitako unapumzika, si jikoni. Vipi miguu yako, bado yavimba jioni? Na kaka Harub, kifua kimemwachia? Mie mwili mzima, alhamdulillahi, nakula na nalala. Moyo ndio mgonjwa.

Barua ya kaka nimeipata. Aniuliza kama nataka kurudi kwenu, maana chumba cha uani ki kitupu, au nimesharidhia kukaa ukewenza. Sikumjibu mpaka leo kwa kuwa mwenyewe nilikuwa sijui. Kila nikitaka kuandika kuwa nakuja, Thani huingia na lile tabasamu lake, nikaiweka kalamu.

Basi nikueleze. Mke mwenzangu, Aliya, anakaa Matrah kwao, na mie niko huku Maskat. Kwenda huko ni kupita Riyam, halafu barabara inalipanda jabali wima hata magari hulia. Wenyewe wanaiita akaba. Tangu kuingia Sultani mpya na nchi kufunguka mwaka huu Thani kanunua baiskeli, ati asingoje gari za watu. Zamu yangu huja nayo, zamu ya mwenzangu huenda nayo.

Sasa yule bibi kawatambia wanawake wenziwe kuwa mumewe aipanda akaba bila ya kutia mguu chini. Thani huyu wa kitambi, aliyekuwa Unguja akipanda ngazi za nyumba yetu hupumzika katikati!

Jirani yangu Sayyida, ambaye mumewe ni dereva na njia ile huipita kila siku, kanipa na jengine la kunimaliza. Akienda Matrah, Thani yuko juu ya baiskeli anakanyaga. Akirudi kwangu, anaikokota. Dada, siku ile chakula hakikupita. Nilisema kumbe hata baiskeli inajua wapi kuna haraka.

Nikataka nimuone kwa macho yangu, na niombe aanguke. Ijumaa iliyopita mie na Sayyida tulikwenda kuhani Riyam, na nyumba ya msiba inatazama ile njia. Mungu anisamehe, wenzangu wanasoma Yasini, mie niko dirishani.

Alikuja alasiri, kanzu kaifunga kiunoni. Alianza vizuri, lakini kufika kwenye kona baiskeli ikamsimamia, akaanguka ubavu. Nikacheka moyoni, nikamgusa Sayyida naye aone. Akainuka, akateremka mpaka chini kabisa, akaanza upya. Akaanguka tena. Akateremka tena.

Hapo kicheko kilinikauka. Angelipanda kwa wepesi ningelisema ni nguvu tu, mwanamme kapata ujana wa kuazima. Lakini nilimuona anashindwa na anarudia, goti linamvuja damu, na wala hajui kama kuna mtu anamtazama. Miaka yote niliyokaa naye sijapata kumuona akirudia kitu kwa ajili yangu. Nikimwambia mlango unakwama, husukuma mara moja akaenda zake barazani. Wallahi, nilimuonea wivu Aliya kwa lile goti kuliko kwa dhahabu aliyovishwa.

Mwisho alipanda akapotea upande wa pili. Kama alitia mguu chini au hakutia sijui, macho yangu yalikuwa yameshajaa.

Jumapili ikawa zamu yangu, kaja anachechemea. Wahenga walisema ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, lakini huyu karejeshwa na zamu. Nikamchemshia maji, nikamuosha lile goti, na chumvi sikumfanyia choyo. Nikamuuliza kulikoni. Akanishika mkono, akasema:

"Nimeanguka nikija kwako, Nasriya. Nilikuwa na haraka ya kukuona."

Dada, ndilo neno nililolingoja tangu aniowe. Nikalifunga goti kwa kitambaa safi. Kugawana naye siku nimegawana, na ningelivumilia. Lakini jeraha la mwenzangu anivishe mie, kama kanga kukuu? Hilo siliwezi.

Mwambie kaka Harub chumba akifungue, nakuja. Wivu ninao, na nitakuja nao. Thani bado hajui. Akinitaka, Mombasa anaijua. Mlango mfungieni mara ya kwanza, na ya pili. Nataka nimuone akirudia kwa ajili yangu mie.

Nisalimie kaka mwenyewe, wifi Rayya na wanawe, na bi Zuwena wa mlango wa pili. Mungu atufikishe Ramadhani sote wazima, futari tuile sinia moja, inshallah.

Ndimi mdogo wako akupendaye kwa moyo huu huu ulio mgonjwa,

Nasriya