Mtama uliowahi

Marahaba, mjukuu wangu Neema. Shangazi yako alinithibitishia jana kwamba mwenyekiti wetu wa kijiji anagombea tena. Bibi yako ni mzima, na alizeti imechanua.

Unauliza kura ina faida gani kama aliyepo hupita tu. Ujanani, hapa Kinyangiri, tulipiga kura kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Tulikuwa tumemchoka mwenyekiti, tukamtaka rafiki yangu Elia. Siku hiyo mvua ya kwanza ikanyesha. Nikaenda kupanda mtama, nikiamini wengine watatosha. Mstari wa Elia ulipungukiwa mtu mmoja.

Jioni alinipitia shambani. "Mwenzangu, mtama wako umewahi," alisema. "Wangu bado. Nilikuwa nakungoja mstarini."

Uandikishaji mtaani kwenu unaanza Jumatatu.

Babu yako