Nakala ya Tano

Shoga, nimekwisha. Nimekwisha kabisa.

Printa yangu iligoma. Nikaizima, nikaiwasha, nikatuma tena ombi langu la khului, lile la kumwomba kadhi anivue ndoa. Mara tano! Kimya.

Si unajua jengo zima la wakwe tunatumia waifai moja? Kumbe simu yangu imeshika printa mpya ya mama mkwe, ghorofa ya chini. Zote tano zimetokea sebuleni kwake. SEBULENI KWAKE, Nagwan!

Amepanda mwenyewe, karatasi mkononi, wala hajafoka. "Mwanangu, ukitaka kumwacha Hatem si ungeniambia mimi kwanza?"

Nikahesabu karatasi. Nne.

"Mama, ya tano iko wapi?"

"Mumeo anaisoma. Amesema nichukue ufunguo wako wa lango la nje, usitoke."

Nimempa, Nagwan. Nimempa.