Sahani Saba za Shangazi

Shikamoo Bibi,

Hapa Arusha Mlima Meru umejifunika ukungu tangu nifike. Jana Shangazi alinipeleka kwenye hoteli ya vyakula vya Kiasia kunipongeza kwa kumaliza shule. Wakaleta kipande kimoja cha samaki mbichi. Nikakimaliza kwa adabu, ikaja sahani nyingine, kisha nyingine. Nikashuku wanaongeza kwa sababu namaliza, kama unavyowafanyia wageni wako, nikaogopa Shangazi ataona umelea mlafi. Sahani ya nne nikabakiza nusu.

"Hukuipenda, dada?" mhudumu akauliza.

Shangazi akacheka. "Kula, mama. Sahani zimepangwa saba, zitaletwa zote hata usipogusa."

Nilizimaliza, lakini sikuacha kuutazama mlango wa jikoni hadi tulipotoka, nisije nikaletewa ya nane.

Mungu akutunze hapo Singida. Nimeukumbuka mlenda wako.

Mjukuu wako,
Neema