Mpaka wa Minyaa

Jumapili, 2 Machi 2025

Sikwenda misa. Miguu imegoma kabisa. Bonaventura, mwanangu, amerudi shambani macho yamevimba, mekundu. Anasema ni vumbi. Vumbi, na mvua hii! Mikononi ana utomvu mweupe. Amekata minyaa, miti ya utomvu unaochoma macho, ya mpaka wetu na jirani Paskalina, mjane. Tuliipanda mimi na marehemu mumewe. Nimemwosha macho kwa maziwa.

Jumatatu, 3 Machi

Paskalina amekuja. Shikamoo, marahaba. Trekta aliyoikodi Bonaventura imepita juu ya mahindi yake. Baraza la kata litakuja Alhamisi kukagua mpaka, na shahidi nimebaki mimi tu.

“Usife kwanza, baba,” akacheka. “Kufa Ijumaa.”

Halafu akalia.

Jumanne, 4 Machi

Bonaventura ndiye ananiogesha, ananilisha uji. Leo kijiko kilisimama hewani. Akasema: ukinisema barazani, nani atakuogesha, baba — Paskalina? Nikasema mpaka ni mpaka. Akauliza wanawe, wajukuu zangu, watalima wapi, ukutani?

Huko Getanuwas wafugaji wanagombania malisho, huku sisi mahindi. Kila mtu anavutia kwake.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Padre Gerald ameleta majivu na mafuta ya wagonjwa. Nimeungama. Tangu Jumatatu namwomba Mungu anichukue kabla ya Alhamisi — nife sijamsema mwanangu, mjane apoteze shamba, na mkono wangu usionekane. Na hayo niliyaita matumaini! Mimi, niliyefundisha dini na uraia maisha yangu yote.

Padre akasema haki ya Paskalina haiwezi kungoja mazishi yangu. Malipizi aliyonipa: nisali niione kesho.

Nimesali.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamka. Nimeamka! Nimelia kidogo.

Wajumbe wameshafika shambani, nasikia sauti zao. Bonaventura anajua nitakachosema. Amenivisha koti, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni, taratibu, kama mimi ndiye mtoto. Sasa amechuchumaa mbele ya kitanda, amenipa mgongo.

“Panda, baba.”

Nimemwambia angoje, namalizia mstari mmoja. Uongo. Sina cha kuandika, nachelewesha tu —