Mipira ya Rejeta Niliyoichoma

Tabora, Jumamosi. Joto la kusubiri mvua.

...na bado gauni langu linanuka moshi wa mpira, ingawa nimelifua na kulifua tena.

Nianze na furaha, maana ipo. Mimi ni mke wa Klemensi! Kila asubuhi nikiamka nalikumbuka hilo upya, na moyo unanidunda kama siku yaliposomwa majina ya waliofaulu mtihani. Mlio wa gari lake naujua tangu likiwa kona ya Kitete. Naacha nilichoshika, nakimbilia kioo.

Gari lenyewe ni kuukuu, la boksi, alilouziwa na bwana kilimo Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Hubebea karanga na asali kutoka Urambo. Juzi lilichemka njiani. Mipira inayopitisha maji ya rejeta ilikuwa imechakaa, ina nyufa kama kisigino cha kiangazi. Alhamisi jioni akaifungua, akaiweka juu ya jiwe karibu na jiko, ili kesho yake aende nayo dukani atafute mingine ya umbo lile lile.

Hakuniambia. Au aliniambia, nami nilikuwa naitazama midomo yake tu.

Jana asubuhi, akiwa anaoga, nilifagia uwanja. Mama mkwe alikuwa nasi tangu harusi, na nilitaka aone kwamba msichana wa shule naye anajua kufagia. Nikazoa majani, maganda ya karanga na yale madude meusi yenye mafuta. Nikayatia yote shimoni, nikawasha moto.

Moshi ulipanda mweusi. Mama akatoka ndani, akasimama kando yangu, akatazama shimoni. Kisha Klemensi akaja na taulo begani, akauliza mipira yake iko wapi.

"Nimeichoma mimi, baba," Mama akamjibu mwanawe. "Nilidhani takataka."

Sauti aliyomjibu nayo Klemensi sijawahi kuisikia kwake. "Mama, vitu vya mjini usivyovijua, usiviguse."

Nami nikanyamaza.

Fagio lilikuwa mkononi mwangu. Ningesema neno moja tu. Lakini niliyaona yale macho yake, nikaogopa yasije yakanigeukia mimi, mimi ambaye hadi jana yalikuwa yananitazama kama sukari.

Mama alikuwa akae hadi Jumapili, twende misa pamoja, kisha mwanawe amrudishe kijijini kwake Ntalikwa kwa gari. Hajawahi kukaa kiti cha mbele cha gari lolote. Kanga ya safari hiyo alishaitenga, alinionyesha, akacheka kama binti. Badala yake aliaga jana ile ile. Akajitwika furushi lake, akashika kwa miguu njia ambayo babu zake walipita na mizigo ya misafara ya Ujiji.

Nilimsindikiza hadi mwisho wa nyumba za watu. Nilifungua kinywa. Akaniwahi.

"Rudi, mwanangu. Mumeo hajala."

Leo Klemensi kapinda waya kwa kukumbuka umbo la ile mipira, akazunguka maduka ya Wahindi hadi akapata inayokaribiana nayo. Akaikata ncha kwa kisu, akakaza vibanio, akajaza maji, akawasha. Halikudondoka hata tone. Akaniita niishike nione ilivyo imara, kisha akanizungusha mjini hadi stesheni, anaimba. Nilikaa kiti cha mbele.

Akanishika mkono. "Wewe ungeuliza kwanza," akasema. "Ndiyo raha ya mke aliyesoma."

Nilitazama nje. Alidhani naona haya kwa kusifiwa.

Anampenda nani basi, mimi, au huyo ambaye angeuliza kwanza?

Ukweli nitamwambia kesho, baada ya misa, kabla hajavua koti. Akinitazama vibaya, na anitazame. Nimechoka kupendwa kwa gharama ya mama yake.

Nawe, Mama, kabla mwezi huu haujaisha utalisikia gari Ntalikwa. Nitashuka wa kwanza, nikupigie magoti, nikuamkie, nikuombe radhi mbele ya mwanao. Vaa ile kanga. Tutakurudisha Tabora kwa misa ya Jumapili, wewe mbele, mimi nyuma pamoja na magunia.