Maana ya Jiwe la Mama

4 Machi

Mama,

Anayekuandikia ndiye fundi wa vito hodari kuliko wote walio hai, na waliokufa wangeamka wangeomba kazi kwake. Shikamoo. Magoti yanasemaje? Mimi ni buheri wa afya, labda uzuri ndio umezidi.

Lile jiwe la pete yako nimelipima. Fundi mkuu naye akalipima tena, eti kuhakikisha. Wivu tu! Basi, si zumaridi. Usinune kwanza! Linaitwa apataiti, jina la Kigiriki, maana yake "mwaminifu". Shule nilitoroka, lakini Kigiriki kimenifuata mpaka kwenye vumbi la mashine.

Mwanao,
Profesa

29 Machi

Profesa wangu wa darasa la sita,

Marahaba. Magoti yananisema vibaya, nimeyazoea.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya nne nikamsomea mama yako mdogo, yule aliyenicheka miaka ishirini kwamba marehemu baba yako alinioa kwa kipande cha chupa. Akaomba maji.

Mwanangu, sikuwahi kukwambia: hata mimi nilikuwa na shaka. Nilimzika nikiwa nayo. Sasa moyo umetua.

Dada yako kajifungua msichana, na jina kaniachia mimi. Jumatatu tunamwandikisha: Apataiti.

Mama yako

11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mtoto hajambo? Ananyonya vizuri? Barua yako imenifikia leo, na Jumatatu imeshapita.

Mama mdogo asiisome hii.

Apataiti maana yake ni udanganyifu. Fundi mkuu alinieleza siku ileile. Walioliita hivyo walichoka kulidhania kuwa vito vingine. Yeye mwenyewe, miaka thelathini kazini, alilikodolea macho akasema, "Zumaridi hii, kijana." Mpaka alipolikwaruza upande wa chini kwa ncha ya kisu, likabaki na alama. Zumaridi isingekubali.

Sasa baba, aliyeuza baiskeli yake ili alinunue, angejuaje? Naye alidhani anakupa zumaridi.

Hayo ndiyo ningekuandikia, na yangetosha. Lakini nilipofika kwenye maana ya jina, nikauona uso wako unasoma. Kalamu ikanigomea. Mimi, mwenye mdomo mtaa mzima, nikaogopa neno moja, nikakutungia jingine.

Baba hakukudanganya, mama. Nimekudanganya mimi, na mtoto ameubeba uongo huo.

Mwanao