Nyumba Isiyo na Namba

3 Machi

Mwanangu,

Hujambo, na kazi inakwendaje? Mimi mzima, ila goti la kukanyagia cherehani linalalamika kama kawaida yake.

Uliniandikia kuwa wakubwa wa mradi wa viwanda watapita kukagua, nyumba iwe safi. Nikanunua chokaa, nikaanza na ukuta wa ubavuni. Jirani akausifia, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji: nikapaka na wa mbele, nikaifunika ile namba nyekundu waliyoichora watu wenu. Nilidhani ni uchafu. Wakaguzi wakaandika 46, wakaenda kuandika 48, na mimi nimesimama mlangoni. Maendeleo yamefika, yakaniruka.

Asiye na namba hapewi kiwanja huko tunakohamishiwa. Karani wa orodha ni wewe. Nisaidie.

Mama yako

11 Machi

Shikamoo mama,

Pole na goti. Mimi sijambo.

Nimeiona orodha. Namba 47 imeandikwa "hakuna jengo". Kurekebisha ni mpaka mtu wa ofisi aseme anaifahamu nyumba. Mama, hapa hawajui kuwa natoka mtaa huo. Wenye ndugu huko waliachishwa kazi. Njoo na jirani akushuhudie, huenda wakamkubali, ila mimi usinitaje.

Mwanao

24 Machi

Mwanangu,

U mzima? Mimi naendelea.

Nilikuja na jirani kama ulivyosema. Hakusikilizwa, maana ni mpangaji, na wapangaji hawahesabiwi. Wewe ulikuwa dirisha la pili, umeinamia karatasi. Mkuu wako akaniuliza kama kuna mtu hapo ananifahamu. Nikasema sina mtu. Iliniuma kusema hivyo, sikufichi. Ila shati nililokushonea limekukaa vizuri.

Tingatinga linakuja kubomoa tarehe mbili mwezi ujao.

Mama yako

28 Machi

Shikamoo mama,

Hali yangu si mbaya. Barua yako nimeisoma mara tatu, nikaona aibu.

Leo asubuhi nimempelekea mkuu faili la 47. Akauliza nimejuaje kuwa nyumba hiyo ipo. Nikamwambia nilizaliwa humo.

Amekuandika kwa mkono wake, kisha akaniambia nikabidhi funguo za kabati la ofisi, nisirudi tena. Jirani nilimtaja pia. Akasema wapangaji hawamo kwenye mpango.

Kesho nakuja tuezue mabati. Hilo la jirani usimwambie, nitamwambia mwenyewe.

Mwanao